Vidoa vya damu kwenye ngozi: tiba ya asili ya Kichina inavyovielewa na inavyovitibu

Vidoa vya damu vinavyojitokeza kwenye ngozi bila mtu kugongwa wala kujikuna ni vidogo. Mara nyingi havizidi milimita 2 au 3, vina rangi nyekundu au zambarau, na huanzia miguuni. Kinachovitofautisha na vipele vya kawaida ni kwamba ukivibonyeza havipotei. Chukua glasi ya kioo isiyo na rangi, igandamize juu ya kidoa, kisha tazama kupitia kioo. Kipele cha mzio hufifia, lakini kidoa cha damu hubaki vilevile, kwa sababu damu imekwisha kutoka kwenye mshipa na kuvilia chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi vidoa hivi ni rahisi kupita bila kuonekana, hivyo kagua viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kaakaa la mdomo.

Katika kitengo chetu cha magonjwa ya damu tunaulizwa mara kwa mara kama dawa za Kichina zinatibu hali hii, maana kliniki na maduka ya dawa hizo yameenea mijini. Swali hili linastahili jibu kamili, si kukatwa kauli. Wachina wameandika kuhusu vidoa hivi kwa karne nyingi, na mengi waliyoyaona ni sahihi. Msimamo wetu tuuseme mapema: kipimo cha picha kamili ya damu, kinachohesabu chembe za damu, kinatangulia, mitishamba inafuata.

Mwaka 1617, enzi ya Ming, tabibu wa upasuaji Chen Shigong alieleza ugonjwa unaowapata zaidi watoto: madoa ya zambarau, makubwa kwa madogo, yenye rangi ya zabibu, yanayotapakaa mwilini, na fizi zinazoweza kutoka damu. Daktari wa leo akisoma maelezo hayo anawatambua wagonjwa wake mwenyewe: mtoto ambaye kinga yake inaharibu chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba mishipa inapopasuka, na yule ambaye mishipa yake midogo imevimba kwa sababu ya kinga iliyokosea njia. Chen hakuwa na hadubini wala maabara. Alikuwa na macho na uzoefu, akaona kwamba ugonjwa ukikaa muda mrefu humdhoofisha mgonjwa, na tiba inapaswa kubadilika.

Wazo lenyewe ni hili. Katika tiba ya Kichina damu haitembei peke yake. Inasukumwa na kushikiliwa na nguvu ya uhai iitwayo qi, na kazi ya kuizuia isitoke njiani imewekwa kwa wengu. Wengu huo ni jina la mfumo mzima wa kusaga chakula na kutengeneza nguvu, kwa hiyo usiulinganishe moja kwa moja na kiungo anachokipapasa daktari chini ya mbavu za kushoto. Tabibu akiona vidoa hujiuliza: damu imefukuzwa na joto, au imeponyoka kwa sababu hakuna wa kuishika?

Hapo ndipo anapoangalia kwa makini. Vidoa vilivyotokea ghafla, vingi, vyekundu vya kung'aa, pamoja na homa, kiu, kutokwa damu puani, ulimi mwekundu wenye utando wa njano na mapigo ya haraka: hilo ni joto ndani ya damu. Vidoa vinavyokuja na kuondoka, mgonjwa akihisi joto jioni na kutoka jasho usiku, huhesabiwa kuwa moto wa upungufu, yaani mwili umeishiwa majimaji ya kuupoza. Vidoa vilivyopauka vinavyorudi kila mtu anapochoka, kwa mgonjwa mwenye uso mweupe, ulimi uliofifia na mapigo dhaifu, ni qi iliyoshindwa kushika damu. Kisha ipo damu iliyovilia yenyewe: ikiganda nje ya njia yake huzuia damu mpya kupita, na kusababisha kutoka damu tena.

Mwaka 1884 Tang Zonghai, tabibu kutoka Sichuan, alipanga tiba ya kutokwa damu katika hatua nne: kusimamisha damu, kuondoa iliyovilia, kuituliza isitoke tena, na mwisho kujaza kilichopungua. Mpangilio huu bado unafundishwa, na mimi nauheshimu, kwa kuwa unamzuia tabibu kukimbilia dawa za kuongeza nguvu wakati mgonjwa bado anavuja, na unamkumbusha kwamba damu kukoma si mwisho wa kazi.

Kwa joto la damu, dawa ya zamani ilikuwa mchemsho wa pembe ya kifaru pamoja na mzizi wa dihuang, unaopatikana katika maandishi ya Sun Simiao ya karne ya 7. Mwaka 1993 China ilipiga marufuku biashara ya pembe za faru na kuziondoa katika orodha rasmi ya dawa. Tangu hapo hutumika pembe ya nyati wa majini, kwa kipimo kikubwa zaidi, pamoja na maganda ya mizizi ya mudan na mizizi ya chishao. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba dawa hii haikamiliki bila pembe ya faru anakiuka hata kanuni za tiba anayodai kuiwakilisha. Kwa qi dhaifu, mchemsho maarufu ni ule wa kurudisha nguvu ya wengu ulioandikwa na Yan Yonghe mwaka 1253, wenye mzizi wa huangqi na ginseng. Huongezewa pia gundi ya ngozi ya punda, ejiao, na hili linatugusa moja kwa moja: biashara ya ngozi hizo imewapokonya wanyama wao wa kazi watu wengi vijijini Afrika, hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Je, dawa hizi zinafanya kazi? Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Harbin, kaskazini mashariki mwa China. Miaka ya 1970 mwanzoni, kundi la madaktari akiwemo Zhang Tingdong lilichunguza dawa ya kienyeji yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura, iliyosifika kutibu saratani. Walitenganisha viungo vyake kimoja kimoja, wakagundua kwamba nguvu ilikuwa kwenye aseniki, wakaacha zebaki na sumu ya chura. Waliipima kwa wagonjwa wa lukemia ya promayelositi, saratani ya damu ambayo mara nyingi hujitambulisha kwa vidoa na mavilio mwilini na inayoweza kuua kwa kutokwa damu ubongoni ndani ya siku chache. Mwaka 1985 huko Shanghai, Wang Zhenyi naye alimtibu msichana wa miaka 5 mwenye ugonjwa huo kwa dawa ya jamii ya vitamini A. Leo dawa hizo mbili zikitumika pamoja hospitalini, zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 wasio na hatari kubwa hupona. Aseniki hiyohiyo ikimezwa kiholela nyumbani ni sumu.

Kwa vidoa vinavyotokana na kinga kushambulia chembe sahani, hali haijafikia huko. Tafiti za michemsho nyingi ni ndogo na zimefanywa kwa mbinu dhaifu. Isitoshe, watoto wengi wenye tatizo hili hupona wenyewe ndani ya miezi michache hadi mwaka, kwa hiyo dawa yoyote iliyonywewa kipindi hicho hupewa sifa. Mzazi aliyeona vidoa vya mwanawe vikiisha baada ya kunywa mchemsho hadanganyi. Ila kisa chake hakituambii mtoto angekuwaje bila mchemsho.

Nenda hospitali saa hiyohiyo ikiwa vidoa vimeambatana na homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana, usingizi usio wa kawaida, damu isiyokoma puani au kwenye fizi, choo cheusi au mkojo wenye damu. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, dengue kali au homa nyingine za virusi zinazosababisha kutokwa damu, kama Marburg iliyozuka Kagera mwaka 2023. Chembe sahani kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 20,000, damu inaweza kutoka yenyewe ndani ya mwili. Usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na usichome sindano ya msuli bila ushauri wa daktari.

Ukienda hospitali beba dawa zote unazotumia pamoja na vifungashio vyake. Kwinini na kotrimoksazoli zinaweza kushusha chembe sahani. Upande wa Kichina, mizizi ya danggui na danshen huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nao mzizi wa leigongteng, unaotumika China kwa figo zilizoathiriwa na ugonjwa wa kuvimba mishipa midogo, unaweza kukandamiza uboho na kuharibu uwezo wa kuzaa. Usikubali unga usio na jina wala orodha ya viungo.

Kwa mtoto ambaye vidoa vyake vimeinuka kidogo ukivipapasa, viko miguuni na matakoni, na tumbo au viungo vinauma, omba mkojo wake upimwe damu na protini hata kama anacheza vizuri, kisha urudie kupimwa kwa miezi 6, kwa sababu figo zinaweza kuathirika kimyakimya vidoa vikiwa vimeshafutika.