Ampea za altaneta: namba ile ina maana gani kwenye Mini ya zamani

Chukua Mini, gari dogo la Uingereza, ya mwaka 1965 usiku wa mvua. Washa taa kubwa, waipa na feni ya hita, kisha simama kwenye foleni. Mwanga wa mbele unafifia na kuwa wa manjano, waipa zinajikokota, na indiketa inalia taratibu kama saa iliyochoka. Kanyaga mafuta kidogo: mwanga unarudi. Gari halina ugonjwa wowote. Linatumia umeme mwingi kuliko linaozalisha kwa wakati ule, na betri ndiyo inayolipa tofauti.

Mini ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1959 ikiwa na dainamo (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) ya kampuni ya Lucas, aina ya C40, yenye uwezo wa ampea 22; ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Piga hesabu mwenyewe. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja, kwa volti 12, ni ampea 10. Koili ya kuwashia cheche za injini kama 4, waipa 3, feni ya hita 3, taa ndogo pamoja na zile za dashibodi karibu 3. Tayari ni 23, na hujagusa breki. Sasa ongeza taa mbili za ziada za wati 55: ampea 9 nyingine. Ongeza feni ya umeme ya kupozea rejeta, redio yenye nguvu na kioo cha nyuma cha kupasha joto, na dainamo ile haina tena pa kusimama.

Hapo ndipo altaneta, mashine inayochukua nafasi ya dainamo, inapoingia. Kwenye dainamo, koili nzito (waya zilizoviringishwa) zinazotoa umeme ndizo zinazozunguka, na umeme wote hupita kwenye brashi za kaboni. Ukiizungusha kasi mno, inaharibika. Kwenye altaneta mambo yamegeuzwa: kinachozunguka ni sumaku ya umeme, nyepesi zaidi, na koili za kutoa umeme zimetulia pembeni. Kwa sababu hiyo unaweza kuifunga puli ndogo, ikazunguka haraka hata injini ikiwa inaunguruma polepole. Dayodi zilizomo ndani hugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa njia moja, na regyuleta huushikilia kwenye volti 14 na kitu.

Sasa namba yenyewe. Watu wengi huogopa kwamba altaneta ya ampea 70 itasukuma ampea 70 kwenye waya za gari la watu na kuziunguza. Sivyo. Namba ile ni kikomo cha inachoweza kutoa. Vifaa ndivyo vinavyovuta: taa ya wati 55 huvuta ampea nne na nusu tu, altaneta iwe ya 34 au ya 70. Kwa hiyo hesabu ya vifaa vyako ije kwanza, duka baadaye. Altaneta ya Lucas 16ACR hutoa 34, 17ACR hutoa 36, na 18ACR hufika 45. Jamii ya A127, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1980 na 1990, ina za 55 na za 70. Kwa Mini yenye taa mbili za ziada na redio, 45 inatosha vizuri.

Kumbuka pia kwamba kikomo hicho hufikiwa altaneta ikizunguka kasi. Gari likiwa limesimama linaunguruma tu, unaweza usipate hata nusu yake. Ukiwa mtu wa foleni za mjini, nunua kwa kuangalia uwezo wa mzunguko wa chini.

Hofu ya waya ina ukweli mahali pamoja, nako ndiko ninakosisitiza zaidi. Betri ikiwa imekwisha kabisa na gari likawashwa kwa kusukumwa, betri yenyewe huwa na kiu kubwa, na altaneta kubwa itamimina kila ilicho nacho kupitia waya wa kuchaji. Waya uliopimwa kwa ampea 22 unaweza kuchemka hadi plastiki ilainike. Badilisha waya huo uwe mnene. Vifaa vya ziada navyo vipe fyuzi na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zao, visipitie swichi ya zamani ya taa. Kama dashibodi ina kipimo cha ampea cha mpaka 30, umeme wote wa kuchaji unapita nyuma yake. Kitoe, weka cha volti.

Kuna kosa jingine linaloua altaneta mpya kwa sekunde moja. Mini za kabla ya mwaka 1969 zilikuwa na ncha chanya ya betri iliyounganishwa kwenye bodi, kinyume cha mazoea ya leo. Geuza betri kwanza, hasi iende kwenye bodi, ndipo ufunge altaneta. Ukisahau, dayodi zinaungua kabla hujawasha injini.

Umeme huo haupatikani bure. Ampea 45 kwa volti 14 ni wati 630, na kwa kuwa altaneta hupoteza sehemu kubwa kama joto, injini hulipa karibu nguvu za farasi moja na nusu. Mini ya kwanza, yenye injini ya cc 848, ilikuwa na nguvu za farasi 34. Ndiyo maana mkanda unaozungusha altaneta, ukiwa umelegea, hupiga kelele ukiwasha taa zote.

Ukimaliza kufunga, shika mita ya volti, gusa ncha za betri yenyewe. Kwenye Mini iko buti, mbali na altaneta, na volti hupungua njiani. Injini ikizunguka kasi ya wastani na taa zote zikiwaka, mita ikisoma 13.8 au zaidi, funga buti uende. Ikisoma 12.5, anza kusafisha viungio vya ethi (pale umeme unaporudi kupitia bodi) kabla ya kuilaumu altaneta.