Uzio wa Misaiprasi: Panda kwa Nafasi, Kata Mapema

Masika yanapokaribia, na hasa tunapoelekea Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, vitalu hupokea wananchi wengi wanaotafuta miche ya kupanda pembezoni mwa viwanja ili nyumba zao zipate sitara. Ni jambo la kupongezwa, kwa kuwa kila halmashauri imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, na lengo hilo haliwezi kufikiwa bila miti ya majumbani. Hata hivyo, katika miinuko yetu ya kaskazini mwa Tanzania malalamiko kuhusu miti ya uzio yanazidi kutufikia sisi wa ofisi ya misitu, na mengi yana chanzo kimoja: mwananchi alichagua mti kwa sababu unakua haraka, kisha akatarajia ukome kukua pale anapopataka yeye.

Mti unaopendwa zaidi huku ni msaiprasi, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Nimeulizwa mara nyingi kama upo msaiprasi mfupi wa uzio. Mche unaouzwa kando ya barabara kwa ajili ya uzio ni uleule unaopandwa kwa mbao katika mashamba ya miti ya Meru na Shume, na ukiachwa bila kukatwa unaweza kufikia mita 30. Kwa wakazi wa maeneo ya joto, mwashoki unafaa zaidi, kwa kuwa hauchukui nafasi kubwa kwa upana, ingawa nao hauna budi kudhibitiwa urefu.

Uamuzi wa kwanza ni kama unataka uzio wa kukatwa au mstari wa miti mirefu, kwa maana nafasi za kupanda hazilingani. Kwa uzio utakaokatwa na kubaki na urefu wa mita mbili, tunashauri nusu mita kati ya mche na mche. Kwa mstari wa miti mirefu, nafasi isipungue mita moja na nusu. Wananchi wengi hupanda kwa kubananisha, wakiamini kwamba miche mingi huleta sitara mapema, kisha wanaiacha ikimbilie juu. Kinachotokea ni kwamba miche hugombania mwanga, matawi ya chini hukosa jua na kukauka, na baada ya miaka michache mwenye nyumba hubaki na vigogo vitupu usawa wa macho na majani mabichi juu ya paa. Sitara hutolewa na matawi ya chini. Jambo hili limeelezwa katika mikutano mingi ya mitaa, na bado tunalikuta kila tunapokwenda kukagua.

Chimba mashimo ya sentimeta 45 kwenda chini na upana uleule, tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha panda mvua zikishalowesha ardhi. Kiriba, yaani mfuko wa nailoni uliooteshewa mche, lazima kiondolewe chote. Mwaka jana niliitwa kuangalia mstari wa misaiprasi iliyodumaa, ikawa ya manjano wakati ya jirani ilikuwa imenawiri. Nilipong'oa mmoja, nailoni ilikuwa bado imeshika udongo, na mizizi ilikuwa imejizungusha ndani yake kama kamba iliyoviringwa, mzizi mkuu ukiwa umejikunja na kurudi juu. Mti wa namna hiyo hausaidiwi na mbolea wala maji. Palizi na matandazo ya majani makavu, yasiyogusa shina, vinatosha kwa mwaka wa kwanza pamoja na maji wakati wa kiangazi.

Kukata kuanze mapema, wakati mche haujafika kiunoni, na kufanyike mara mbili kwa mwaka kwa kupunguza ncha za pembeni kidogo kidogo. Uzio uwe mpana chini na mwembamba juu ili jua lifike hadi kwenye matawi ya chini. Naomba hili lizingatiwe kuliko yote: msaiprasi hauchipui kutoka kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Anayesubiri miaka mitano kisha akaita kijana mwenye panga arudishe uzio nyuma kwa nusu mita atabaki na upande wa kahawia ambao hautarudi kuwa kijani. Huo si ugonjwa, wala hakuna dawa ya kupulizia itakayourekebisha.

Ugonjwa halisi upo, nao hutokana na vidukari wa msaiprasi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, wakaua misaiprasi mingi ya uzio na ya mashambani katika ukanda huu. Ni wadudu wadogo wa rangi ya kahawia iliyofifia, wanaokaa kwa makundi kwenye vitawi vya ndani, ambapo uzio uliobanana huwahifadhi. Fungua matawi kwa mikono miwili na utazame ndani. Vidole vikinata, ukaona sisimizi wakipanda na kushuka, na ukungu mweusi kama masizi juu ya majani, wadudu wapo, hata kama nje uzio bado ni kijani. Kata sehemu zilizoathirika uziteketeze, na umwone afisa ugani kabla ya kununua sumu, kwa sababu sumu isiyofaa huua pia wadudu wanaowala vidukari.

Kuhusu mipaka, utaratibu ni huu. Kabla ya kupanda, tafuta bikoni zako, yaani alama za mpaka wa kiwanja zilizowekwa na wapima ardhi. Zisipoonekana, omba msaada wa idara ya ardhi ya halmashauri, kwa sababu kuonyeshana mpaka kwa mdomo ndiko kunakozaa kesi. Tunashauri uzio wa kukatwa uwe mita moja na nusu ndani ya kiwanja chako, ili uweze kuukata pande zote bila kuingia kwa jirani, na miti mirefu iwe mita tatu. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ya barabara kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Usipande uzio ndani yake kwa kutegemea fidia siku barabara inapopanuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na anayekiuka sheria hiyo hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Chini ya nyaya za umeme usipande mti mrefu wa aina yoyote.

Mgogoro wa mpaka ukitokea, anza kwa jirani mwenyewe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Wapo wanaokuja ofisi ya misitu wakidai tutoe amri ya kukata mti wa jirani. Mamlaka hayo hatunayo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha ndani ya siku 30, na likishindwa hutoa uthibitisho, ambao mlalamikaji huupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tunachoweza kufanya ni kukagua mti. Anayeshuku vidukari alete tawi la urefu wa kiganja ndani ya bahasha ya karatasi au chupa yenye kifuniko, siku hiyohiyo aliyolikata, likiwa na sehemu ya kijani na sehemu iliyoanza kubadilika rangi. Tawi lililokauka lote wadudu wamekwisha kulihama, na hatuwezi kusema kwa hakika nini kililiua.