Binti Darasani: Hesabu Tunazokosea

Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, jioni wazee wakishika kahawa, neno hili halikosi: "Shule ya UPE ni bure, aliyeacha ameacha mwenyewe." Si kweli. Kilichoondolewa mwaka 1997, UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) ilipoanza Uganda, ni karo ya shule za msingi za serikali. Sare, madaftari, uji wa mchana na pedi za kila mwezi bado viko shingoni mwa mzazi. Tena gharama iliyo kubwa kuliko zote haina risiti: mikono ya binti mwenyewe. Akiwa darasani, nani atateka maji? Nani atapalilia mihogo na kumbeba mdogo wake? Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, waliliona hilo mapema. Mpango wa ABEK (elimu ya msingi mbadala kwa Karamoja), ulioanza 1998, ulipeleka masomo karibu na manyata, yakafanyika alfajiri na jioni ili mifugo isikose mchungaji, na msichana mwenye mtoto wa kulea akaja naye.

"Ataolewa, faida itakwenda kwa wakwe." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana wasemao huhesabu mahari wakasahau wajukuu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, 35% ya wale wasiosoma kabisa walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Kwa waliovuka sekondari ilikuwa 11%. Na binti wa miaka 16 akizalia nyumbani, maziwa ya mtoto hanunui mkwe.

Mahari nayo huja mara moja, na mara nyingi ng'ombe wale wale hutolewa tena kaka yake akioa. (Wapo wanaodai mahakama iliipiga marufuku. Hapana: uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2015 ulikataa kuidai irudishwe ndoa ikivunjika.)

"Kazi za ofisi hazipo, kwa hiyo asome ya nini?" Kazi hizo ni chache kweli, sibishi. Lakini sokoni kwetu mwanamke hubadili shilingi za Kenya na za Uganda siku nzima, husoma mizani, husoma ujumbe wa pesa kwenye simu. Asiyejua kusoma humpa mtu mwingine simu amsomee, na namba yake ya siri humo humo.

"Akipata mimba, shule imekwisha." Baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona, kabisa au kwa sehemu, Machi 2020 hadi Januari 2022, wengi waliamini hivyo. Lakini mwongozo wa Wizara ya Elimu uliorekebishwa 2020 unamruhusu binti kurudi baada ya kujifungua. Wakuu wa shule wengine bado hununa, lakini mara nyingi kinachomkwamisha hakiko ofisini kwa mkuu. Mama yake yuko shambani, bibi amechoka, na mtoto bado ananyonya.