51 Pegasi na sayari yake: Mshtarii moto ni nini?

Mshtarii moto ni sayari kubwa ya gesi, yenye masi ya kadiri ya Mshtarii wetu, inayoizunguka nyota yake kwa karibu mno kiasi kwamba mwaka wake huhesabiwa kwa siku, kwa kawaida zisizofika kumi. Mshtarii wetu hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12. Sayari ya kwanza ya aina hii kujulikana, 51 Pegasi b, humaliza mzunguko mmoja kwa siku 4 na saa 5 na nusu hivi.

Uzito wa ugunduzi huo uko kwenye nyota yenyewe. Tangu 1992 zilijulikana sayari zinazoizunguka pulsa, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Zile ni sayari halisi, lakini jua lao limekwisha kufa. 51 Pegasi ni nyota hai ya daraja la G kama Jua letu. Masi yake ni kama mara 1.1 ya Jua, nusukipenyo chake mara 1.2, na joto la uso wake ni la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, karibu sawa kabisa na la Jua. Iko umbali wa miaka ya nuru 50 hivi, katika kundinyota la Farasi.

Kwanza jina, maana watu wengi hulikosea. Namba 51 inatoka katika orodha ya nyota inayobeba jina la Flamsteed, mwanaastronomia Mwingereza wa zamani, na Pegasi ni Kilatini cha “ya Farasi”. Herufi ndogo b ni ya sayari ya kwanza kugunduliwa hapo. Ikipatikana nyingine itaitwa c, hata kama iko karibu zaidi na nyota, kwa sababu herufi hufuata mpangilio wa ugunduzi. Herufi a haipewi sayari ili isichanganywe na nyota. Ukiandika B kubwa umebadilisha maana: hiyo hutumika kwa nyota ya pili katika nyota pacha. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha pia majina ya kuita: nyota ni Helvetios na sayari ni Dimidium, Kilatini cha “nusu”, kwa kuwa masi yake ni karibu nusu ya ile ya Mshtarii. Tutaona mbele kwamba nusu hiyo ilikuwa na mtego.

Hakuna aliyeiona sayari hii kwa kuipiga picha. Nyota inang'aa mno, nayo sayari imejibana ubavuni mwake: pengo kati yao, ukilitazama kutoka Duniani, ni sawa na kitu cha sentimita moja kilichowekwa Dar es Salaam huku wewe ukikitazama ukiwa Nairobi. Kilichoonekana ni nyota kutikisika.

Tunazoea kusema sayari inaizunguka nyota, lakini kwa kweli vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha masi. Mzee akibembea na mtoto kwenye ubao wa pembea, ubao husawazika egemeo likiwa karibu sana na mzee. Kwa 51 Pegasi, kitovu hicho kiko kilomita 3,300 hivi kutoka katikati ya nyota ambayo nusukipenyo chake kinazidi kilomita 800,000. Kwa hiyo nyota huzunguka kaduara kadogo kuliko Dunia yetu, kwa mwendo wa mita 56 kwa sekunde, yaani kama kilomita 200 kwa saa. Mwendo huo ndio unaopimwa.

Hupimwa kwa athari ya Doppler. Honi ya basi linalokuja kwako husikika nyembamba, likishakupita huwa nene. Nuru nayo hufanya vivyo hivyo: nyota ikija upande wetu mawimbi yake hubanwa na kuelekea rangi ya buluu, ikirudi nyuma huvutwa kuelekea nyekundu. Spektrografu huitawanya nuru hiyo kuwa upinde wa rangi wenye maelfu ya mistari myeusi, ambayo huachwa na elementi zilizo katika angahewa ya nyota. Mistari hiyo ndiyo alama za rula. Ugumu uko katika ukubwa wa badiliko. Gawanya mita 56 kwa mwendo wa nuru, mita milioni 300 kwa sekunde, upate sehemu mbili hivi katika milioni kumi. Mstari mmoja pekee hauwezi kuonyesha badiliko dogo hivyo kwa uhakika. Dawa ni kuipima maelfu ya mistari kwa pamoja na kutafuta wastani, huku taa ya thoriamu ikiangaza ndani ya chombo hichohicho kutoa alama zisizosogea, ili chombo kikijikunja kwa joto au baridi ijulikane.

Kabla ya kuamini namba yoyote, lazima uondoe mwendo wako mwenyewe. Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, zaidi ya mara 500 ya mwendo unaotafutwa, na mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake huongeza hadi nusu kilomita kwa sekunde hivi. Ukikosea saa ya kipimo au mahali darubini ilipo, kosa hilo huingia moja kwa moja kwenye jibu na unaweza kuzaa sayari isiyokuwepo.

Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva, Uswisi, walifanya kazi hii kwa spektrografu iitwayo ELODIE, iliyofungwa kwenye darubini ya mita 1.93 huko Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Walikuwa na orodha ya nyota 142. Vipimo vya 51 Pegasi vilianza Septemba 1994, na kufikia Januari 1995 mwendo wake ulikuwa ukipanda na kushuka kila baada ya siku 4.23. Jambo hilo lilitia shaka kuliko kufurahisha, kwani kila mtu alitarajia sayari kubwa iwe mbali na nyota yake. Wakakokotoa nyota itakuwa na mwendo gani itakaporudi kwenye anga la usiku, wakasubiri hadi Julai, wakapima tena. Ilikuwa palepale walipotabiri. Walitangaza tarehe 6 Oktoba 1995 mjini Florence, Italia, na ndani ya siku chache Geoffrey Marcy na Paul Butler waliupata mwendo huohuo kwa darubini ya Lick, California. Mayor na Queloz walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2019.

Hesabu ya sayari unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Una vitu vitatu tu: muda wa mzunguko, mwendo wa nyota, na masi ya nyota inayokadiriwa kutokana na nuru yake. Geuza siku 4.23 ziwe mwaka: 0.01158. Kwa kanuni ya Kepler, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa masi ya nyota, 1.1, halafu tafuta kipeuo cha tatu cha jibu. Utapata 0.053, yaani umbali huo ni asilimia 5 hivi tu ya ule wa Dunia na Jua: kama kilomita milioni 7.9. Utaridi, iliyo jirani zaidi na Jua letu, iko umbali wa milioni 58. Sasa mzingo wa duara hilo ugawanye kwa sekunde 365,000 za siku hizo nne na ushei: sayari inakwenda kilomita 136 kwa sekunde. Kwenye pembea yetu, masi mara mwendo ni sawa pande zote mbili. Nyota ina masi ya Mshtarii 1,150 hivi. Zidisha kwa mita 56, gawanya kwa mita 136,000, jibu ni 0.47. Ndiyo hiyo Dimidium.

Mtego ni huu. Doppler huona tu mwendo wa kuja na kwenda kwenye mstari wa macho yetu. Njia ya sayari ikiwa imelala kama sahani unayoitazama kutoka juu, hutaona kitu hata sayari iwe nzito namna gani. Ikiwa imeinama nusunusu, utaona sehemu tu ya mwendo. Kwa hiyo 0.47 ilikuwa kiwango cha chini: kwa mwinamo wa nyuzi 30, masi halisi ingekuwa maradufu. Kwa kawaida shaka hii huondolewa sayari ikipita mbele ya nyota na kupunguza nuru yake kidogo. Kwa umbali huu nafasi ya kupata bahati hiyo ni kama moja kwa kumi, na 51 Pegasi b haikuipata. Ndiyo maana kipenyo chake hakijapimwa moja kwa moja. Ukikuta umetajiwa kilomita zake, ni makadirio. Suluhisho la masi lilikuja kwa njia nyingine: darubini kubwa ya Chile ilitenganisha mistari ya mvuke wa maji na kaboni monoksaidi ya sayari yenyewe, na utafiti wa 2013 na 2017 ukaupima mwendo wake kuwa karibu kilomita 133 hadi 134 kwa sekunde. Njia yake basi tunaiona karibu kwa ubavu, na masi ni ileile, karibu nusu.

Mita 56 zinaweza pia kuletwa na mambo yasiyo sayari. Madoa meusi kwenye nyota inayozunguka huipotosha mistari, na nyota nyingine hupumua, uso wake ukipanda na kushuka. Mwaka 1997 mwanaastronomia David Gray alidai kwamba umbo la mistari ya 51 Pegasi hubadilika, dalili ya nyota kupumua. Vipimo bora zaidi havikuliona badiliko hilo, na mwaka uliofuata Gray mwenyewe aliliondoa dai lake. Kipimo cha kutofautisha ni hicho hadi leo: sayari husogeza mstari wote bila kuukunja.

Huko kwenye sayari, nuru inayoipiga ni zaidi ya mara 400 ya ile tunayoipata sisi, na joto hukaribia nyuzi 1,000. Inaaminika kwamba upande mmoja huitazama nyota daima, kama Mwezi unavyoitazama Dunia. Gesi na vumbi vya kutosha kujenga jitu la namna hii havikuwepo karibu hivyo na nyota changa, kwa hiyo maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilizaliwa mbali ikasogea ndani: ama ilisukumwa na sahani ya gesi iliyokuwa ikiizunguka nyota, ama ilirushwa na mvutano wa jirani kwenye njia ndefu ya yai, ambayo nyota iliifinyanga taratibu ikawa duara. Kwa sayari moja moja bado hubishaniwa ni njia ipi. Na usidhani sayari hizi ziko kila kona. Zinapatikana kwenye nyota chini ya moja hivi katika kila mia. Ziligunduliwa mapema kwa kuwa ndizo zinazotikisa nyota kwa nguvu na haraka. Mshtarii wetu hulisogeza Jua kwa mita 12.5 kwa sekunde na hudai miaka 12 ya uvumilivu. Dunia hulisogeza kwa sentimita 9.

Majina ya Afrika Mashariki nayo yamo kwenye orodha ya majitu haya. Mwaka 2019 Kenya iliita nyota HD 83443 Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kijaluo ya upepo wa kisulisuli na vumbi. Tanzania iliita WASP-71 Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Buru na Tanzanite zote ni Mshtarii moto, na kila moja ina mwaka wa siku zisizofika 3.

Kuitafuta 51 Pegasi ukiwa Afrika Mashariki, toka nje mwishoni mwa Oktoba saa tatu usiku, mbali na taa za mji, utazame kaskazini. Nyota nne zilizo karibu juu yako zinafanya mraba mkubwa wa Farasi. Upande wake wa kushoto una Markab juu na Scheat chini. 51 Pegasi iko karibu katikati yao, imetoka nje ya mraba kidogo upande wa kushoto. Mng'ao wake ni 5.5, ukingoni mwa uwezo wa macho matupu, hivyo beba darubini ndogo ya macho mawili. Mwishoni mwa Januari inatua muda wa saa mbili tu hivi baada ya Jua kutua, kisha hupotea kwenye mwanga na kurudi alfajiri miezi kadhaa baadaye.