Je, wajua kwa nini kiyoyozi cha BTU 12,000 hakitumii kilowati 3.5 za umeme?

Ami yangu ana duka la vitambaa karibu na Mtaa wa Biashara, Mombasa, na kaskazi ikishika duka lile huwa tanuri. Mwaka mmoja alipewa bei ya kiyoyozi cha BTU 12,000, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitanila tokeni ngapi?" Nikatoa simu nikapiga hesabu. BTU ni kipimo cha joto, na namba ya kiyoyozi ni ya kila saa; wati moja ni BTU 3.412 kwa saa. 12,000 ukigawanya kwa 3.412 unapata wati 3,517. Uniti moja ya tokeni ni wati 1,000 kwa saa nzima, basi nikamjibu kwamba ni uniti tatu na nusu kila saa. Ami akaikunja ile karatasi ya bei akaitia mfukoni, na kaskazi ile yote tukaipitisha na feni.

Kugawanya kwangu kulikuwa sawa. Jibu nililompa lilikuwa kosa, na kosa hilo nimelisikia kwa watu wengi tangu siku ile. Zile wati 3,517 ni za joto: ndiyo kasi ambayo kiyoyozi hulitoa joto dukani. Umeme unaopita kwenye waya una namba yake, na imeandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwa mashine, chini kidogo ya ile ya BTU. Nilipokuja kukisoma kibandiko cha kiyoyozi cha aina ile, nilikuta wati 1,100. Yaani uniti moja na kidogo kwa saa, si tatu na nusu.

Inakuwaje umeme wa wati 1,100 uondoe joto la wati 3,517? Nenda Kongowea alfajiri umtazame hamali. Amekula mahamri na mbaazi, akashika mkokoteni wenye magunia ya viazi. Chakula alichokula hakifiki hata kilo moja, mzigo ni mamia ya kilo, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kazi yake ni kuhamisha viazi, havitengenezi. Ukitaka kujua hamali anagharimu nini, hesabu sahani yake. Ila sahani na magunia vyote hupimwa kwa kilo, na hapo ndipo akili inapoteleza. Wati nazo ni vivyo hivyo: ya joto na ya umeme zina jina moja, lakini moja ni mzigo na nyingine ni chakula.

Mkokoteni wa kiyoyozi ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Ikiwa chumbani hugeuka kutoka majimaji kuwa mvuke, na kwa kufanya hivyo hufyonza joto, kama vile manukato yanavyokupoza yakikauka mkononi. Kisha kompresa, ambayo ndiyo hamali wetu, huikandamiza mpaka ikawa moto kuliko hewa ya barabarani, na huko nje ikalitua lile joto. Simama mbele ya ile mashine ya nje uhisi upepo wake. Mna wati 3,517 zilizotoka chumbani pamoja na zile 1,100 za umeme wenyewe, jumla wati 4,617. Hakuna kilichopotea.

Hamali pia huchoka zaidi akipanda. Mwinuko hapa ni tofauti ya joto kati ya ndani na nje: nje ikiwa nyuzi 32 nawe umeweka 18, unampandisha mlima mkali, ukiweka 25, mwinuko unalainika. Ndiyo maana ile hesabu ya kuhamisha joto mara tatu na ushei ya umeme si ya kudumu. Hubadilika na hali ya hewa, umri wa mashine na vumbi lililoziba vichujio, kwa hiyo hata namba ya kibandiko ichukue kama kadirio.

Nadhani mimi nilipotoshwa na birika la umeme. Birika halihamishi kitu, hutengeneza joto papo hapo, na kwake wati 2,000 za umeme ni wati 2,000 za joto. Tukizoea birika na pasi tunadhani kila mashine ni hivyo. Na ukigeuza safari, kutoka joto kwenda umeme, mambo hubadilika tena: injini kubwa kama zile za kituo cha umeme cha Kipevu, zinazochoma mafuta mazito, hugeuza chini ya nusu ya joto la mafuta kuwa umeme. Lililobaki huishia hewani na kwenye maji ya kupozea.

Kuhusu 12,000 yenyewe, imetoka kwenye barafu. BTU ni kipimo cha Waingereza, joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, kilo 907 hivi, kwa saa 24 kunahitaji BTU 12,000 kila saa. Ndiyo maana mafundi wengine huita mashine hiyo "tani moja".

Kwa sisi wa pwani kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kwenye kipimajoto. Hewa yetu imejaa unyevu, na kiyoyozi kikiupoza unageuka maji na kudondoka nje kwenye kibomba. Kila lita ya maji hayo ni joto la uniti 0.68 lililotolewa chumbani bila chumba kupoa hata kidogo, ingawa ngozi huhisi nafuu kwa kuwa jasho linakauka.

Ami alinunua kiyoyozi kaskazi iliyofuata. Chini ya kibomba ameweka ndoo, na kufikia alasiri huwa na lita sita hivi: joto la uniti nne, lililobebwa kwa umeme wa uniti moja na robo. Maji hayo hupigia deki ngazi za duka kabla ya kufunga.