Kushika mimba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maswali na majibu

Majibu haya yanahusu aina mbili za upasuaji. Ya kwanza ni ile ya kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hadi ubaki kama mrija. Ya pili ni baipasi: daktari huacha kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Zote mbili hukushibisha upesi, lakini baipasi pia hupunguza vitamini na madini yanayofyonzwa, kwa hiyo masharti yake ni mengi zaidi.

Nisubiri muda gani kabla ya kushika mimba?

Miezi 12 hadi 18, na mizani iwe imetulia. Miezi ya mwanzo mwili unakula akiba yake wenyewe, na wewe huwezi kumaliza hata nusu sahani. Mtoto akija wakati huo atagombea chuma, kalsiamu na protini ambazo mama mwenyewe hana. Ikiwa mimba imeshaingia mapema, usiingiwe na hofu. Wengi huzaa salama. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo na useme ulifanyiwa upasuaji gani, lini, na unatumia dawa gani.

Nimekaa miaka bila kushika mimba. Kwa nini nihangaike na kupanga uzazi?

Kwa sababu hapa ndipo wengi hushtukizwa. Uzito ukishuka, homoni hutengemaa na mayai huanza kutoka tena, hata kwa mwanamke aliyekuwa na vifuko vingi kwenye ovari na hedhi isiyoeleweka. Yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla ya kuona damu ya kwanza. Uzazi hurudi haraka kuliko akiba ya mwili, na ndiyo maana njia ya kupanga uzazi ichaguliwe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Vidonge vya kila siku si vya kutegemea baada ya baipasi, kwani huenda visifyonzwe vya kutosha. Ukitapika au ukiharisha ndiyo kabisa. Kijiti cha mkononi au koili ni bora zaidi, kwa kuwa havipitii tumboni. Sindano ya miezi mitatu pia haipitii tumboni, ila hupunguza uzito wa mifupa na huweza kuongeza kilo, na mifupa yako tayari iko katika majaribu. Tembe ya dharura, hii iitwayo P2, ina udhaifu ule ule wa vidonge. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo ni kinga yenye nguvu zaidi.

Kabla ya kutoa kijiti, nipimwe nini?

Damu kamili, ferritini (inayoonyesha akiba ya chuma), foleti, B12, vitamini D, kalsiamu na vitamini A. Kilichopungua kijazwe kwanza. Vipimo hivi virudiwe kila baada ya miezi mitatu ya mimba.

Asidi ya foliki ianze miezi 3 kabla: mikrogramu 400 kwa siku kwa walio wengi, miligramu 5 kama BMI yako (uwiano wa uzito na urefu) bado ni 30 au zaidi au una kisukari. Dozi kubwa iendelee hadi wiki ya 12. Lakini B12 ipimwe kabla ya dozi hiyo. Foliki nyingi hurekebisha damu ikaonekana nzuri kwenye karatasi ya maabara, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Aliyefanyiwa baipasi kwa kawaida huchomwa sindano ya B12 ya miligramu 1 kila miezi 3, na mimba si sababu ya kuiruka.

Kama unajidunga semaglutide ili uzito usirudi, iache angalau miezi 2 kabla ya kujaribu kushika mimba.

Vidonge vya damu vya kliniki vinatosha?

Havitoshi. Vile vya kliniki za serikali vina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki. Ni vizuri, vimeze, lakini havina B12, kalsiamu wala vitamini D. Unahitaji vitamini kamili ya waja wazito juu yake, na kalsiamu ifike miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku ukijumlisha na ya chakula. Baada ya baipasi chagua kalsiamu sitreti. Ile ya kaboneti inahitaji asidi ya tumbo ambayo sasa unayo kidogo.

Saa za kumeza ndizo huharibu mambo. Chuma na kalsiamu hugombana, na chai ya rangi au ya maziwa huzuia chuma kisifyonzwe. Mpango unaofanya kazi: chuma saa moja asubuhi na chungwa, chai isogezwe hadi saa tatu, kalsiamu miligramu 500 saa saba mchana na nyingine saa mbili usiku.

Soma kibandiko cha chupa: vitamini A iwe ya beta-karotini, si retinoli, kwani retinoli nyingi huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo maini hayafai wakati wa mimba, hata kama shangazi anakuletea sahani kila asubuhi ili uongeze damu. Mafuta ya ini la samaki vilevile. Na hamu ya kula udongo uisikilize kama dalili: mara nyingi chuma kimepungua, na huo udongo wenyewe hunasa chuma tumboni na kukipunguza zaidi. Usikemewe kwa hilo; upimwe ferritini.

Nile nini?

Protini kwanza, angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na ushei, kikombe cha pojo zilizopikwa karibu 14. Kwenye mahamri na mbaazi, anza na mbaazi. Hamri likikushinda, liache. Halua, kaimati na juisi ya miwa huteremka mbio hadi kwenye utumbo, na ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka, tumbo linasokota. Maji yanywe kidogo kidogo, nusu saa baada ya chakula. Samaki ni rafiki, ila papa aepukwe kwa ajili ya zebaki.

“Kula kwa watu wawili” hakukuhusu. Uzito unaoongezeka hufuata BMI ya kabla ya mimba: kilo 11.5 hadi 16 kama ulikuwa kati ya 18.5 na 24.9, kilo 7 hadi 11.5 kwa 25 hadi 29.9, kilo 5 hadi 9 kwa 30 na kuendelea. Kuogopa kilo hizo na kujinyima ni kosa baya zaidi kuliko kuzipita kidogo.

Na Ramadhani?

Kitabibu, jibu letu ni usifunge. Mfuko mdogo hauwezi kupokea maji ya kutwa nzima kati ya futari na daku, wala vidonge vyote kwa nafasi zake. Sharia imempa ruhusa mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto. Suala la kulipa na fidya muulize shehe wako.

Kipimo cha kunywa glukosi kina tatizo?

Kwa aliyefanyiwa baipasi, ndiyo. Gramu 75 za glukosi kwa mkupuo huweza kumwangusha, na majibu yake hupotosha. Omba upime kwa kidole nyumbani kwa wiki moja, kati ya wiki ya 24 na ya 28: asubuhi kabla ya kula, na saa moja baada ya kila mlo. Kabla ya kula isifike 5.3 mmol/L, baada ya saa moja isifike 7.8.

Natapika kila kukicha. Ni mimba tu?

Huenda. Lakini kutapika kwa zaidi ya siku chache humaliza vitamini B1, na mwili hauna akiba kubwa. Ukipelekwa kuwekewa dripu, B1 itangulie kabla ya maji ya glukosi, kwani glukosi humalizia kile kidogo kilichobaki na ubongo ukaumia. Kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa ni dharura ya saa hiyo.

Maumivu gani ya tumbo yasisubiri?

Baada ya baipasi, yote makali. Upasuaji huacha mianya kati ya mikunjo ya utumbo. Mji wa mimba unapokua, husukuma utumbo juu na kipande kikaweza kuponyoka kwenye mwanya, kikajinyonga na kukosa damu. Mara nyingi hutokea miezi mitatu ya mwisho. Maumivu huwa juu ya kitovu, yakipenya mgongoni, huzidi baada ya kula, huja na kwenda. Tatizo ni kwamba hufanana na kiungulia au uchungu wa kuzaa, na vipimo vya damu vya mwanzo huweza kuwa safi. Mama hupewa dawa ya asidi na kurudishwa nyumbani.

Sema waziwazi: “Nilifanyiwa baipasi, namtaka daktari wa upasuaji anione.” Picha ya CT isikataliwe kwa sababu ya mimba ikiwa inahitajika. Kama upasuaji ulifanywa India au Uturuki, ripoti iagizwe sasa, ionyeshe aina yake na kama mianya ilishonwa, na nakala ikae ndani ya kijitabu cha kliniki. Anayeishi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, apange mapema gari la usiku na jinsi ya kuvuka kivuko kufika kisiwani, maana utumbo ulionyongwa huhesabiwa kwa saa.

Mtoto atakuwa mdogo?

Uwezekano upo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2015 ulikuta watoto wadogo kuliko umri wa mimba asilimia 15.6, dhidi ya 7.6 kwa mama wa uzito kama huo wasiopasuliwa. Ndiyo maana picha ya ukuaji hupigwa kila wiki 4 hadi 6 kuanzia wiki ya 24.

Lazima nizae kwa kisu?

La. Upasuaji wa kupunguza uzito peke yake si sababu. Lakini ukizaa kwa kisu, wakumbushe kuwa diklofenaki na ibuprofeni huweza kusababisha vidonda kwenye maungio ya baipasi. Dawa ya kuanza nayo ni parasetamoli.

Naweza kunyonyesha?

Ndiyo, na vitamini zote ziendelee. B12 ya mtoto hutoka kwenye maziwa yako; ikikosekana kwako, yeye huchelewa kukaza shingo na kukaa, hata kama wewe unajisikia mzima.