Je, wajua kwa nini vita vya Bahari ya Shamu hupandisha bei Kariakoo?

Ukiitazama ramani, swali lenyewe linashangaza. Meli inayopakia Shanghai au Ningbo hupita Mlango wa Malaka, ikakata Bahari ya Hindi mpaka Dar es Salaam. Yemen iko mbali na njia yake. Sasa kombora linalorushwa huko linamhusu vipi mwenye duka la vyombo Mtaa wa Kongo?

Linamhusu kwa sababu meli za dunia nzima ni za fungu moja. Tarehe 19 Novemba 2023, Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, waliiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu. Mwezi uliofuata, kampuni kubwa kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd zikaanza kuikwepa njia ya Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, na Mfereji wa Suez ulio kaskazini yake. Meli za kati ya Asia na Ulaya zikalazimika kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa siku 10 hadi 14 hivi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza kusambaa. Barabara ya Mbagala ikifungwa na daladala zake zikazunguka mbali, magari zaidi yanahitajika ili abiria wasikwame, na yatavutwa kutoka ruti nyingine. Kampuni za meli zilifanya hivyo hivyo. Meli mpya haiundwi kwa mwezi mmoja, na makontena matupu nayo yalichelewa kurudi China kupakiwa tena. Nauli za kontena kutoka Asia zikapanda karibu kila upande, hata kwenye njia zisizogusa Suez.

Bima nayo ilipaa. Kabla ya mashambulizi, bima ya hatari ya vita kwa safari moja ya Bahari ya Shamu ilikuwa chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ilifika karibu asilimia 1. Kwa meli ya dola milioni 100, hiyo ni dola milioni 1 kwa kupita mara moja tu.

Lakini jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu liko hapa hapa nyumbani, na naona ndilo linalowaumiza zaidi wafanyabiashara wadogo. Mzigo unapoingia kwa meli, ushuru wa forodha hautozwi kwa bei ya kiwandani peke yake. Hutozwa kwa bei ya bidhaa, bima na nauli mpaka bandarini vikijumlishwa, thamani inayojulikana kama CIF. Maana yake nauli ikipanda, kodi inapanda nayo.

Tuchukue mfano: nauli imetoka dola 2,000 ikawa 4,000. Kwa bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25, nyongeza hiyo ya 2,000 inazaa ushuru wa dola 500. Kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya 2,500, yaani dola 450. Nyongeza ya 2,000 imekuwa 2,950, kabla ya tozo nyingine ndogo. Aliyesajiliwa VAT anaweza kujirudishia hizo 450 kwenye marejesho yake. Asiyesajiliwa zinabaki kwenye bei ya sufuria.

Mafuta yana njia yake fupi zaidi. Karibu sehemu moja ya tano ya mafuta ya dunia ilizoea kupita Mlango wa Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi, hivyo mvutano wowote kule hutikisa bei ya dunia, na EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei kikomo za mwezi, lori la kwenda Lusaka au Lubumbashi linalipa tofauti.

Na kwa nini bei haishuki upesi nauli zikishuka? Mzigo ulioagizwa wakati wa nauli ghali bado uko stoo, na mwenyewe hawezi kuuza chini ya alichotoa. Nauli ikipanda, mambo ni kinyume: bei dukani hupanda hata kabla mzigo wa gharama mpya haujatia nanga, maana muuzaji anawaza fedha za kuagizia kontena lijalo.